Mali ya Marehemu ni Amana

Tuseme mvuvi wa kisiwa cha Koyama amefariki. Dau lake limevutwa pwani, na mjane yumo ndani akikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi. Hata matanga hayajaondolewa, ndugu wa marehemu waja mlangoni: “Shemeji, dau tulitie maji?” Ajibu nini?

Jibu la haki ni kwamba dau hilo si lake peke yake, wala si la shemeji zake. Mke au mume aliyebaki nyumbani ni mshika amana kwanza, ndipo awe mrithi.

Wajibu wake wa kwanza ni kuhesabu. Na aite watu wazima wawili waaminifu, waandike fedha, nyavu, madema, minazi na nyumba. Ikiwa dau lilikuwa la shirika, liandikwe fungu la marehemu tu. Dhahabu na vyombo vyake mwenyewe mjane havimo katika hesabu hiyo.

Wa pili ni kulipa. Hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja ya mali iliyobaki. Madeni ni pamoja na fedha alizokopa kwa tajiri wa samaki, haki za mabaharia wake, na mahari ambayo mke hajalipwa. Wake wengi huona haya kuyadai mahari hayo. Lakini ni deni kama madeni mengine. Akisamehe, na asamehe kwa hiari yake.

Wa tatu ni kugawa. Wazee watakumbuka kuwa mwaka 1975 serikali ya Somalia ilitoa sheria ya kusawazisha mafungu ya wanaume na wanawake. Serikali hiyo ilianguka Januari 1991, na watu wa pwani hii huwaendea masheikh na makadhi. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto wa marehemu hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Pasipo mtoto, robo. Wajane wakiwa wengi hugawana fungu hilo hilo. Mume aliyefiwa hupata robo penye mtoto, na nusu pasipo mtoto.

Chukua mfano. Zimebaki shilingi 800,000. Warithi ni mke, wana wawili na binti mmoja, na wazazi na mababu wa marehemu hawapo tena duniani. Mke apata 100,000, kila mwana 280,000, na binti 140,000.

Mafungu ya watoto wadogo yasiguswe, hata kwa pilau ya khitma. Atakayeyashika ni yule aliyeusiwa na baba yao, au aliyewekwa na kadhi. Naye mama aweza kuwekwa.

Wako pia waliokimbilia Lamu na Mombasa tangu vita vya 1991, wakaacha nyumba Kismayo. Nyumba hiyo ni ya urithi hata ikiwa mtu mwingine aishi ndani yake. Iandikwe mtaa wake, mipaka yake na majina ya majirani wanaoijua, maana mashahidi nao hufa. Wala asiiuze mrithi mmoja bila ridhaa ya wenziwe.

Nawe askari uliye kambini, usimwachie mkeo fumbo. Andika leo unachomiliki, unachodai na unachodaiwa, umkabidhi karatasi hiyo kabla hujaondoka. Siku shemeji watakapobisha hodi, atakuwa na la kuwajibu.