Baiskeli si umaskini, muulize mchuuzi wa Moa

Leo tuwaache wanandoa wapumue kidogo na ugomvi wao, sisi tupande baiskeli. Ndiyo, baiskeli hii hii ambayo siku hizi ukionekana nayo barabarani watu wanakuuliza kwa huruma, "Vipi ndugu yangu, mambo yameharibika?"

Wenzetu wanatucheka. Kule Uingereza mtu ana gari lake zuri uani. Jumamosi asubuhi analiacha hapo hapo, anavaa kaptula ya kubana (mambo ya kubana hayo tusiyaongelee), anachukua baiskeli ambayo bei yake ni ng'ombe kadhaa, huyo, anakwenda kutafuta mlima. Hakutumwa na mtu, hana mzigo, hana mgonjwa wa kumjulia hali. Anautafuta mlima ili aupande, akifika juu ateremke, anywe chai na keki, arudi kwa mkewe. Kuna barabara moja ya milimani inaitwa Hardknott, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ambayo penye ukali wake kila mita 3 za kwenda mbele unapanda karibu mita 1. Hiyo si barabara, hiyo ni ngazi! Na bado watu wanaikimbilia. Mwaka 2012, London ilipoandaa Olimpiki, wanaume wa baiskeli walizungushwa kwenye kilima kiitwacho Box Hill mara 9, na watu walijipanga pembeni wakiwapigia makofi.

Sasa mimi nauliza: shemeji yangu wa Moa, nani alimpigia makofi?

Kwa msiopajua, Moa ni pwani ya wilaya ya Mkinga, kaskazini ya Tanga mjini, ukikaribia mpaka wa Kenya. Mikoko, minazi, ngalawa na watu wasiokuwa na haraka. Shemeji yangu huyu ni mchuuzi wa samaki. Ngalawa zikirudi alfajiri yeye yuko ufukweni na Phoenix yake, tenga limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Ananunua, anapanga, anafunika kwa majani mabichi, anaondoka. Kuanzia hapo ana mshindani mmoja tu: jua. Jua likimtangulia, tenga lile linageuka kuwa msiba.

Nimeona leo nikupe njia za huko, maana kila mtu anajua Tanga ni mji wa baiskeli, lakini wengi wetu tunaijua baiskeli ya kutoka Ngamiani kwenda sokoni. Ukitaka kujua baiskeli ni nini, toka nje ya mji.

Njia ya kwanza ni ya wavivu, nami nikiwemo. Kutoka Moa unafuata pwani kwenda kaskazini mpaka upande wa Jasini. Hakuna mlima wa kutisha, kuna mchanga wa kukunasa tairi, na minazi ya kukupa kivuli. Hapo Jasini, tarehe 18 na 19 Januari 1915, Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walipigana na jeshi la Waingereza lililokuwa na askari wengi wa Kihindi. Mjerumani alishinda, lakini alipoteza maofisa na risasi nyingi mno, tangu hapo akaona heri avamie na kukimbia kuliko kusimama uso kwa uso. Wewe ukifika pumzika, kunywa dafu, geuza. Usijifanye mgeni wa njia ukajikuta Vanga, Kenya, huna karatasi yoyote mkononi. Baiskeli haina pasipoti.

Njia ya pili ni lami, ile ya Horohoro kwenda Tanga mjini, kilomita 65 hivi. Iliwekwa lami kwa fedha za Wamarekani mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kwa macho ni tambarare. Kwa macho tu! Mtu wa pwani anajua kwamba mlima wetu ni upepo. Ukienda Tanga wakati wa kusi, upepo unakukabili kifuani njia nzima, unakanyaga pedeli utadhani umefunga kinu cha kutwangia nyuma. Ukienda wakati wa kaskazi, unasukumwa kama dau lenye tanga, unaimba, unajiona kijana. Ngoja urudi. Kwa hiyo wazee wa baiskeli hawaulizi ni kilomita ngapi, wanauliza upepo uko wapi. Na jambo la pili kwenye lami: magari. Mabasi na malori ya mpakani hayana mchezo. Ukisikia honi nyuma yako usianze kubishana habari za haki, ingia kwenye majani. Haki utaidai ukiwa hai.

Njia ya tatu ndiyo yenyewe, njia ya shemeji. Unatoka pwani, unavuka ile lami, unashika njia za vumbi kuelekea magharibi mpaka Maramba. Ardhi inabadilika chini ya tairi lako. Mchanga mweupe unakwisha, udongo mwekundu unaanza, minazi inapungua, mkonge unatokea. Kidogo kidogo nchi inaanza kupanda na kushuka, na mbele yako milima ya Usambara Mashariki imekaa kama wazee barazani, inakutazama tu. Huko juu, Bosha na Kigongoi, ni nchi ya viungo, ukungu na baridi, na samaki wa pwani ana heshima yake.

Phoenix ina giya moja, na giya hiyo ni mapaja yako. Shemeji ana kanuni zake. Mlima usiushambulie kwa hasira. Uanze polepole kama mtu anayekwenda kuposa. Pumzi ikianza kupiga filimbi, teremka ukokote, hakuna aibu. Aibu ni kuanguka na tenga. Kwenye mteremko ndipo penye kifo. Mzigo unakusukuma mgongoni, breki za fito zinalia, mpira wa breki umekwisha tangu mwaka juzi, na watu wengine breki yao ni kandambili wanayoigandamiza kwenye tairi. Nimewaona kwa macho yangu. Ewe ndugu, mpira wa breki bei yake ni ndogo kuliko bandeji. Nunua viwili, kimoja weka mfukoni, pamoja na viraka, gundi na pampu.

Njia ya nne ni ya siku ya sikukuu: unakwenda mpaka Muheza, kisha unapanda Amani. Ukifika Sigi unaikuta nyumba ya stesheni ya Mjerumani, kumbukumbu ya reli iliyotoka Tengeni kuja kubeba mbao za misitu hii. Kutoka hapo barabara inajikunja kama nyoka aliyekanyagwa, msitu juu, msitu chini, mpaka unafika kwenye mashamba ya chai na hewa ya friji, mita 900 hivi juu ya bahari. Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902. Mwingereza wa kaptula ya kubana angelia kwa furaha. Nasi tunayo, haina kiingilio cha Olimpiki.

Na msidhani mambo haya ni ya Wazungu wa Ulaya peke yao. Chris Froome, aliyeshinda mbio za Ufaransa mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na mwalimu wake wa mwanzo katika baiskeli ni Mkenya, David Kinjah, kwenye vilima vya Kikuyu. Vilima, msomaji, si viwanja vya ndege.

Sasa turudi kwa shemeji, maana nyumbani kwake kuna kesi. Mwanawe wa kiume anasema, "Baba, uza hiyo baiskeli, tuchukue pikipiki ya mkataba. Wenzako wanafika Maramba kabla chai haijapoa." Na kijana hasemi uongo. Siku hizi shemeji akifika sokoni anakuta bodaboda ameshauza, wanunuzi wanamwangalia tenga lake kwa jicho la pembeni. Magoti nayo yanampigia kelele usiku, dada yangu ndiye anayeyakanda kwa mafuta ya nazi, na dada yangu naye amechoka kukanda.

Lakini sikiliza hesabu ya mzee. Anasema, "Shemeji, baiskeli yala ugali, pikipiki yala petroli. Bahari ikichafuka, kusi likakaza, ngalawa hazitoki wiki nzima. Wiki hiyo baiskeli yasimama ukutani, hainidai. Ile ya mkataba kila jioni yataka hesabu, samaki wawepo wasiwepo. Nikishindwa yachukuliwa, na baiskeli nishaiuza. Hapo tutakula nini, honi?"

Kwa hiyo amebuni lake. Soko kubwa amewaachia bodaboda. Yeye anakata vijia, anapita vitongoji vya ndani ambako mwenye pikipiki haoni faida ya kuingia kwa ajili ya mafungu mawili matatu. Akina mama wanaijua kengele yake. Wasio na pesa leo anawaandika kwenye daftari, anawakuta wiki ijayo. Faida ni ndogo, lakini ni yake.

Mpaka naandika haya baba na mwana hawajaelewana. Mimi nimeombwa nihukumu, nikakataa, maana mwenye kuhukumu ugomvi wa nyumba ya dada yake hali tena hapo. Ila wewe kijana wa pikipiki, kabla hujamcheka mzee wako, ipande hiyo baiskeli siku moja, na tenga nyuma, kutoka Moa mpaka Maramba. Ukirudi tutaongea kama watu wazima. Na wewe mzee, goti halina duka la vipuri.

Wewe msomaji ungekuwa baba, ungeuza? Jibu unalo. Mimi nakwenda kujaza upepo, kaskazi imeanza kuvuma na nina safari ya Tanga. Ya kurudi tutajua huko huko. Wiki ijayo, inshallah.