Sukari ya miwa si kinga dhidi ya shira ya mahindi

MSOMAJI wetu mmoja, mama wa watoto wanne anayeishi Tanga, ametuletea barua ambayo tumeona si vyema tumjibu peke yake. Dada yake, ambaye ameishi Marekani kwa miaka mingi, alikuja kuwatembelea wakati wa Idi. Siku ya pili alifungua kabati la jikoni, akatoa chupa ya sosi ya nyanya na kopo la jamu vilivyotoka ng'ambo, akasoma maandishi madogo ya ubavuni, akavitupa jaani. Sababu aliyoitoa ni kwamba vina shira ya mahindi, ambayo kwa maneno yake ndiyo iliyowaharibu watu wa Marekani. Soda aliziacha. Alisema soda za kwetu hutiwa sukari ya miwa, sukari ya asili, na watoto wanywe bila ya hofu.

Tangu siku hiyo, anasema mama huyo, kijana wake wa miaka kumi na mmoja hunywa chupa mbili kwa siku, na akikatazwa humtaja mama yake mkubwa kuwa shahidi. Bibi yao, anayeishi nao nyumba hiyo hiyo, ana ugonjwa wa kisukari. Mama anatuuliza mambo mawili: je, shira hiyo ya mahindi ni halali? Na je, ni kweli kwamba sukari ya miwa haina madhara kama yake?

Neno shira si geni katika nyumba zetu. Ni sukari iliyochemshwa na maji hata ikawa nzito, ile ambayo kaimati huvingirishwa ndani yake. Shira ya viwanda vya Marekani haianzi na sukari, bali huanza na mahindi. Punje hurowekwa, husagwa zikiwa mbichi, na wanga wake hutengwa na mafuta, kapi na protini. Wanga huo hutiwa vimeng'enya viwili, kimoja baada ya kingine, ambavyo huukatakata mpaka ukawa glukosi, yaani sukari ile ile inayozunguka katika damu ya mwanadamu. Kisha huja kimeng'enya cha tatu, ambacho huigeuza sehemu ya glukosi kuwa fruktosi, sukari ya matunda, ambayo ni tamu zaidi. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Ugunduzi wa njia hiyo ulitangazwa Marekani mwaka 1957, na katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Japani, Yoshiyuki Takasaki, alionyesha namna ya kuifanya iwe kazi ya viwandani.

Shira hiyo hutoka kwa namna mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ina fruktosi 42 katika kila sehemu 100 za sukari yake, nayo hutumika aghalabu katika mikate, biskuti na vyakula vya makopo. Ya pili ina fruktosi 55, nayo ndiyo ya soda. Sasa tuitazame sukari ya miwa. Kila chembe yake ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoungana. Kwa hiyo ni nusu kwa nusu, 50 kwa 50. Ikifika katika utumbo mwembamba, muungano huo huvunjwa upesi, na kinachoingia mwilini ni glukosi na fruktosi. Tena katika soda, ambayo ina asidi, sehemu ya sukari ya miwa huanza kuvunjika ingali ndani ya chupa, kabla mtoto hajafungua kizibo. Tofauti iliyobaki ni ya 50 na 55, na katika shira ile ya kwanza fruktosi ni chache kuliko ya sukari yenyewe.

Huenda msomaji akauliza: kama mambo ni hivyo, hofu hii imetoka wapi? Haikutoka hewani. Mwaka 1974 bei ya sukari duniani ilipanda mno. Mwaka 1982 serikali ya Marekani iliweka viwango vya kuzuia sukari ya nje isiingie kwa wingi, na hivyo sukari ikawa ghali humo kuliko nje, hali mahindi yalikuwa tele na wakulima wake wakisaidiwa na serikali. Makampuni yakafuata bei. Mwaka 1980 Coca-Cola iliruhusu nusu ya utamu wa kinywaji chake utokane na shira ya mahindi, na mwaka 1984 ikaruhusu utamu wote utoke huko; Pepsi nayo ikafanya vivyo hivyo. Basi katika miaka ile ile ambayo shira ilizidi kuenea, watu wa Marekani nao walizidi kunenepa. Mwaka 2004 wataalamu watatu, George Bray, Samara Nielsen na Barry Popkin, waliandika makala ya kitabibu wakidokeza kuwa huenda mambo hayo mawili yana uhusiano. Neno lao lilikuwa dokezo, na lilistahili kuchunguzwa. Lilipofika mitaani likawa hukumu.

Uchunguzi uliofuata haukuipa hukumu hiyo nguvu. Mwaka 2008 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka kuwa haielekei shira hiyo inanenepesha kuliko vitamu vingine vyenye nguvu ile ile ya chakula. Kadhalika, matumizi ya shira kwa kila Mmarekani yalifika kilele mwaka 1999, kisha yakaanza kushuka. Je, unene nao ulishuka? Katika vipimo vya mwaka 1999 na 2000, watu wazima wapatao 30 katika kila 100 walikuwa na unene wa kupindukia. Katika vile vya mwaka 2017 na 2018, walikuwa zaidi ya 42. Anayedai kuwa shira peke yake ndiyo iliyoleta balaa hana budi kutueleza hilo. Wala hatusemi kwamba sukari ya kila namna ndiyo sababu pekee. Kukaa kitako kutwa, mafuta, ukubwa wa sahani na mengineyo yana sehemu yake.

Walakini tusitoke hapa na faraja isiyo na haki. Kusema kuwa shira na sukari ni sawa si kusema kuwa shira ni njema. Maana yake ni kwamba sukari nayo ni mbaya kwa kiasi kile kile. Glukosi hupandisha sukari ya damu na kulitaka kongosho litoe insulini. Fruktosi kwa sehemu kubwa huenda kwenye ini, na ikija kwa wingi na kwa kasi, kama ijavyo katika kinywaji, ini huigeuza sehemu yake kuwa mafuta. Ini halijui kama fruktosi ile ilikuwa shambani mwa mahindi huko Iowa au shambani mwa miwa huko Kilombero.

Twende kwenye swali la uhalali. Kwa kadiri tunavyojua utengenezaji wake, vimeng'enya vitatu tulivyovitaja hutokana na bakteria na kuvu, si na mnyama, na mahindi hayo hayachachuliwi kuwa pombe. Hatuoni basi mahali pa kuingizia shaka, ila tunawaachia wanazuoni neno la mwisho. Tunaongeza jambo moja ambalo huenda likamshangaza dada yule: baadhi ya viwanda vya Marekani vinavyosafisha sukari ya miwa huipitisha katika makaa ya mifupa ya ng'ombe ili iwe nyeupe. Wanazuoni wamekwisha kulizungumza hilo, na wengi wameona kuwa halidhuru. Lakini ni ajabu kwamba tuhuma imeelekezwa kwa mahindi peke yake, na sukari imepita mlangoni bila kuulizwa.

Wenye viwanda wanaijua tabia hii yetu ya kuogopa jina. Mwaka 2010 chama cha wasindikaji wa mahindi wa Marekani kiliomba shira yao ibadilishwe jina, iitwe sukari ya mahindi. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilikataa mwaka 2012, kwa hoja kwamba sukari ni kitu kikavu chenye chembe na shira ni kitu cha majimaji. Wengine wameshika njia ya pili: huiondoa shira, hutia sukari ya miwa kwa kiasi kile kile, kisha huandika kwa herufi kubwa mbele ya chupa kwamba humu hamna shira ya mahindi. Mnunuzi hulipa zaidi, naye huondoka ameridhika. Julai 2025 jambo hili lilifika hata kwa Rais Donald Trump, aliyetangaza kuwa Coca-Cola imekubali kutumia sukari ya miwa nchini Marekani. Siku chache baadaye kampuni hiyo ikasema itatoa kinywaji cha namna hiyo kiwe pamoja na vile ilivyonavyo. Watu walishangilia kana kwamba wameletewa dawa.

Nchi ya Meksiko inatufundisha zaidi, kwa kuwa imejaribu njia zote mbili. Mwaka 2002 iliweka kodi juu ya soda ambazo hazikutiwa sukari ya miwa. Kodi hiyo iliwalinda wakulima wa miwa dhidi ya shira ya Marekani, na Shirika la Biashara Duniani likaihukumu kuwa ni kinyume cha kanuni. Soda ya miwa ya Meksiko, ile ya chupa ya kioo, inasifiwa sana Marekani, na watu huitafuta madukani. Lakini watu wa Meksiko wenyewe, wanywaji wakubwa wa soda hiyo inayosifiwa, walipatwa na kisukari kwa wingi wa kutisha. Hata ilipofika Januari 2014, serikali yao ikaweka kodi nyingine, peso moja kwa kila lita ya kinywaji kilichotiwa sukari, bila ya kuuliza sukari hiyo ni ya mmea gani. Afrika Kusini ilifuata Aprili 2018, nayo ikapima kwa gramu: kinywaji kikizidi gramu 4 za sukari katika mililita 100, kila gramu ya ziada hulipiwa. Tunaiona sheria hiyo ya Afrika Kusini kuwa ndiyo iliyoshika jambo lenyewe.

Nasi katika nyumba zetu tunaweza kuhesabu hivyo hivyo. Mkebe wa Coca-Cola wa mililita 355 unaouzwa Marekani una gramu 39 za sukari. Kijiko kimoja cha chai huchukua gramu 4 hivi, kwa hiyo ni karibu vijiko kumi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isifike sehemu 10 katika 100 za nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana isifike 5. Kwa mtu mzima hiyo 5 ni kama gramu 25, vijiko sita, na mtoto hupungukiwa na hapo. Hakuna mama atakayemruhusu mwanawe atie vijiko kumi katika kikombe kimoja cha chai. Angempokonya kijiko. Lakini vijiko hivyo vikiwa baridi na vyenye povu, hupita.

Shirika hilo linaihesabu pia asali, na maji ya matunda yaliyokamuliwa. Tunajua hapa tunagusa pazuri, maana asali imetajwa katika Sura An-Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, nasi hatuna neno juu ya hilo. Lakini ponyo ni jambo la kipimo kama dawa nyingine. Sukari ya asali nayo ni fruktosi na glukosi, kwa uwiano usio mbali na ule wa shira ya soda, na mgonjwa wa kisukari anayemimina asali katika uji kwa kuwa si sukari anajidanganya. Tende za futari ni habari nyingine kidogo, kwa sababu utamu wake umefungwa pamoja na nyuzinyuzi, na tende tatu humtosha mtu. Ni nadra kumwona aliyekula tende za vijiko kumi kwa pumzi moja.

Kwa wasomaji walio ng'ambo, na wale wanaopokea vifurushi kutoka kwao, jina halikai mahali pamoja. Kanada shira hii huandikwa kwa jina la glukosi na fruktosi tu. Ulaya huitwa shira ya glukosi na fruktosi, au isoglukosi. Kukariri majina ni kazi isiyokwisha. Pakiti nyingi zina jedwali, na ndani yake msitari wa sukari kwa gramu, nao hujumlisha miwa, mahindi na asali bila ya upendeleo. Dada yule angeanza na msitari huo, pengine soda zingetangulia jaani kabla ya jamu, kwa kuwa jamu hupakwa kijiko kimoja na soda hunywewa yote.

Mama, hatukushauri ugombane na mgeni wako. Msomee hesabu hii, kisha mpange pamoja soda ziwe za siku ya sikukuu, na mtungi wa maji ukae mezani. Maji ya ukwaju ya nyumbani yapunguziwe sukari kidogo kidogo kila wiki, ulimi huzoea. Na kwa kuwa bibi wa watoto ana kisukari, na maradhi hayo hufuata ukoo, wewe mwenyewe nenda ukapimwe sukari ya damu, asubuhi kabla ya kula. Dada yako, kama hajarudi safari yake, mchukue mwende pamoja.