Bili ya Mfungwa Inaletwa Nyumbani

Julai 2018, Rais Magufuli alipomwapisha Phaustine Kasike kuwa Kamishna Jenerali wa Magereza, alisema ni aibu kwa taifa kuendelea kulisha wafungwa. Walime, wajilishe, na mvivu apigwe mateke. Nilisikiliza hayo nikiwa kwenye duka moja hapa Kahe, tumebanana mbele ya runinga. Duka zima likacheka. Nami nikacheka. Pampu yetu ya kumwagilia vitunguu ilikuwa imeibwa, na aliyeiba, kijana wa jirani, alikuwa ndani akila ugali wa kodi yetu.

Tangu hapo nimesikia wazo hilo likikua. Wenzangu niliosoma nao, watu wenye shahada zao, wanasema kulima hakutoshi: mfungwa alipie siku zake kwa fedha taslimu, kama mgeni wa gesti. Alale, ale, apewe risiti, na akitoka akiwa hajamaliza adaiwe.

Nauliza swali la kijinga: atalipa kwa fedha ipi?

Kazi yake tumeshaichukua. Ibara ya 25 ya Katiba yetu inakataza kazi ya shuruti, kisha inaacha nje ya katazo hilo kazi inayotokana na hukumu ya mahakama. Wanaoishi Moshi mjini wanajua viatu vya Karanga vinatoka wapi. Sina ugomvi na mfungwa kushona kiatu; bora ashone kuliko kukaa akihesabu matofali. Lakini huwezi kuchukua jasho la mtu bure mchana, halafu jioni umpelekee ankara ya maharage.

Wamarekani wamelijaribu jambo hili kuliko sisi. Katika jimbo la Connecticut gharama iliyodaiwa ilifika dola 249 kwa siku. Kwa siku! Ukifungwa miaka miwili, unatoka na deni linaloshinda bei ya nyumba nyingi za huku kwetu. Illinois ilifuta mwaka 2019 sheria iliyoiruhusu serikali kuwashtaki wafungwa ili walipie gharama za kifungo chao. California nayo ilipitisha mwaka 2020 sheria ya kufuta ada nyingi za namna hiyo. Na hao wana benki na mishahara ya kukata. Sisi tungekata wapi? Kwenye mbuzi wa mama yake.

Mama yake namjua. Alikuwa akiamka alfajiri, anapanda daladala kwenda kumwona mwanawe, na sabuni na dawa ya meno kwenye mfuko wa nailoni. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na siku nzima ya kibarua imepotea. Hakuna hakimu aliyemhukumu yule mama, lakini kifungo alikuwa anakilipia.

Kisha siku moja akaja nyumbani kwetu na shilingi elfu ishirini zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Za pampu, akasema, nyingine ataleta tukivuna. Nikamwambia, "Mama, hili si deni lako."

"Sasa ni la nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Ila nilijua kwamba kama serikali nayo ingekuwa inamdai mwanawe ugali na godoro, zile elfu ishirini zisingefika kwetu. Serikali ina askari na mahakama. Sisi tuna uzio wa miiba. Kwenye foleni ya wanaodai tungesimama nyuma kabisa, sisi tulioibiwa. Hilo ndilo wanaotetea ada hizi hawalisemi. Wanasema wanamtetea mlipa kodi, halafu wanamsahau aliyeamka asubuhi akakuta bomba limekatwa na vitunguu vinakauka.

Mnataka mfungwa alipe? Mlipeni kwanza. Mpeni ujira wa kweli kwa kiatu anachoshona na heka anayolima, kisha mkate humo fidia ya mtu aliyemwibia, na kingine kiende kwa watoto wake. Kikibaki, ndipo tuzungumze habari za maharage.

Yule kijana alipotoka, awamu ya mwisho aliileta mwenyewe, elfu kumi na tano, fedha za kupakia magunia kwenye fuso. Baba alizihesabu mara mbili mbele yake.