Usiseme "Kitufe Kibovu"

Msimu wa insha umefika, na pamoja nao yamefika malalamiko yetu ya kila mwaka: "Kompyuta yangu ina kitufe kibovu." Neno hilo likishatamkwa, hatua inayofuata ni kwenda dukani, na huko mara nyingi mwanafunzi huambiwa abadilishe kibodi nzima. Katika kompyuta mpakato nyingi za siku hizi kibodi imeunganishwa na bamba la juu, kwa hiyo herufi moja inaweza kukuondoa na pesa ya chakula cha wiki kadhaa. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya pesa hiyo tunailipa kwa sababu hatukueleza tatizo. "Kibovu" si maelezo. Ni hukumu, nasi tunaitoa kabla ya kusikiliza ushahidi.

Kiswahili hakikutunyima maneno. Kitufe kinachochelewa kurudi juu kinanasa. Kisichobonyezeka kimekwama. Kinachobonyezeka vizuri lakini hakiandiki kitu kimekufa. Kinachoandika leo na kukataa kesho kinagoma. Kinachotoa herufi mbili kwa mguso mmoja kinarudia. Kinachotoa herufi au alama nyingine kinakosea. Maneno haya sita hayafanani, na ukichagua lililo sahihi umeshajua pa kuanzia kutafuta.

Tuanze na kinachokosea, kwa sababu mara nyingi hakina ugonjwa wowote. Kompyuta yenye kibodi ya Kimarekani ikiwekewa mpangilio wa Uingereza, alama ya @ na alama ya kunukuu hubadilishana nafasi. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, mpangilio mkorofi zaidi ni ule uitwao US-International. Huo huizuia ritifaa, ukasubiri herufi inayofuata, kisha ukaziunganisha. Unaandika ng'ambo, unapata ngámbo. Na ng'ombe anageuka ngómbe. Hakuna haja ya fundi hapo. Bonyeza kitufe cha nafasi mara tu baada ya ritifaa, au kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi ubadilishe mpangilio, kama una mwingine uliokwisha kuwekwa.

Vivyo hivyo, katika baadhi ya kompyuta, Num Lock ikiwa imewashwa, J, K na L huandika 1, 2 na 3. Na ukiishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows hukuuliza kama iwashe Filter Keys, huduma inayopuuza miguso mifupi. Anayekubali bila kusoma ataona kibodi yote inagoma, aseme imekufa.

Kitufe kilichokufa kweli kina kipimo chake, nacho hakimalizi dakika mbili. Azima kibodi ya nje ya USB, uichomeke, ubonyeze herufi ileile. Ikitokea, tatizo liko kwenye kibodi ya kompyuta yenyewe. Isipotokea hata huko, tafuta kwenye mipangilio au programu. Kisha jaribu vitufe vingine vyote. Kikifa kimoja peke yake, shuku uchafu au sehemu zilizo chini yake. Vikifa kadhaa kwa pamoja, shuku nyaya za ndani, maana vitufe vingi huchangia njia moja ya umeme. Hapo kusafisha hakutasaidia, na kumwendea fundi ni haki yake.

Kinachonasa au kukwama ndicho tunachoweza kukihudumia wenyewe. Chini ya kifuniko cha kitufe, katika kompyuta nyingi, kuna plastiki ndogo yenye umbo la mkasi, na katikati yake kikombe kidogo cha mpira. Makombo ya biskuti au tone la chai ya sukari yanatosha kuvizuia visicheze. Zima kompyuta, chomoa chaja, iinamishe, pulizia hewa ya kopo kandokando, kisha pitisha kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo tu kwa spiriti. Usikimbilie kung'oa kifuniko kwa kisu. Vishikizo vyake ni vyembamba kama ukucha. Na kama kimemwagika kikombe kizima, zima mara moja, usiwashe "kuona kama bado inafanya kazi."

Kwetu herufi ya kuombea uzima ni A. Hakuna inayotumika zaidi katika Kiswahili. Ikifa, "Habari za asubuhi" inakuwa "Hbri z subuhi", na mwalimu hawezi kusahihisha hilo. Lakini hata ikifa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi insha, dunia haijaisha. Nenosiri unaweza kuliandika kwa kibodi ya kwenye skrini, ambayo Windows huitoa hata kabla hujaingia. Na PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, inakuwezesha kuipa Caps Lock kazi ya A. Zinakaa jirani, kidole kitazoea kabla ya ukurasa wa pili.

Wapo watakaosema kazi hii tuwaachie mafundi, tusije tukaharibu zaidi. Wana hoja, na ndiyo maana sijamwambia mtu afungue mashine. Kompyuta mpya haifai hata kuguswa: kwa Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 ya hapa Uingereza, una siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro, na katika miezi sita ya kwanza kasoro huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu ulipokabidhiwa, muuzaji asipothibitisha vinginevyo. Lakini huwezi kudai haki hiyo kwa neno "kibovu". Mkumbuke kibodi nyembamba ambazo Apple ilianza kuzitumia kwenye MacBook mwaka 2015. Wateja hawakuishia kusema ni mbovu. Walieleza kwamba herufi zinarudia, vitufe vinanata, vingine haviitiki. Mwaka 2018 kampuni ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi huko Marekani, bila kukiri kosa.

Fundi mzuri naye, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, hashiki bisibisi kwanza. Huuliza: imeanza lini? Ilimwagikiwa na nini? Inafanya hivyo muda wote au ikipata joto? Mteja anayejua kujibu hupata bei ya haki. Asiyejua hulipia kubahatisha.

Ndiyo maana napendekeza chama chetu kitenge saa moja kila mwezi, kabla ya kikao cha mazungumzo, iwe saa ya matengenezo. Repair Café zilianza Amsterdam mwaka 2009 kwa wazo hilohilo, na leo ziko miji mingi hapa Uingereza. Yetu iwe na sharti moja zaidi: tatizo lielezwe kwa Kiswahili. Wanaojifunza lugha wamekwisha kujua kuagiza chai na kuuliza njia ya stesheni. Tofauti ya kunasa, kukwama na kugoma hawataipata kwenye zoezi la kujaza nafasi. Wataipata wakiwa wameinamia mashine pamoja na mtu anayeijua. Sisi tuliozaliwa nayo tutapunguza kukimbilia Kiingereza kila tunapogusa kompyuta.

Gharama yake ni ndogo: kibodi moja ya USB, kopo la hewa, spiriti na pamba. Kamati ikikubali, tuanze muhula ujao. Atakayekuja akisema "kibovu" tusimcheke. Tumpe kiti, tumuulize kinafanyaje.