Mifumo ya kiwanda ikisomana, mkulima wa pamba ashike nini mkononi?

Msimu wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, kuna maneno ambayo wasikilizaji wetu hukutana nayo kwenye kituo cha kununulia: "Mfumo unasumbua, subirini." Wakati mwingine huambiwa mfumo unaboreshwa. Mzigo umeshafika, mkokoteni umeshalipiwa, watoto wanasubiri ada, na mzani upo pale unaonekana. Tunaulizwa: ni mfumo gani huo, na kwa nini tatizo lililoanzia ofisini Mwanza mjini lisimamishe mzani wa kijijini?

Tulijibu kwa ufupi hewani. Hapa tunaeleza kwa nafasi zaidi, kwa sababu jambo hili linagusa fedha za mkulima.

Mifumo gani?

Tuchukue kampuni ya mfano. Ofisi kuu ipo Mwanza, kiwanda cha kuchambua pamba kipo Simiyu, kingine Geita, na cha kukamua mafuta ya mbegu kipo sehemu nyingine. Zamani kila sehemu ilikuwa na kumbukumbu zake. Kituo kilikuwa na daftari, kiwanda kilikuwa na kompyuta ya mzani wa malori, ghala lilikuwa na orodha yake, na mhasibu alikuwa na programu yake ya fedha. Kilo zile zile ziliandikwa mara nne na watu wanne tofauti. Zisipolingana, simu zinaanza kupigwa, na malipo yanasubiri.

Viongozi wa Serikali wamekuwa wakisisitiza kwamba mifumo ya taasisi za umma isomane. Kiwandani maana ni ile ile: namba ikiingizwa mara moja kwenye mzani, iende yenyewe kiwandani, ghalani na kwa mhasibu, bila mtu kuiandika upya.

Aliyewahi kusubiri kivuko cha Kigongo–Busisi ataelewa. Ng'ambo zote mbili zilikuwa na barabara, lakini mzigo ulisimama majini. Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, barabara mbili zikawa moja. Kuunganisha mifumo ya kampuni ni kujenga daraja la namna hiyo kati ya ofisi na ofisi.

Kampuni inapata nini, na sisi je?

Pamba yenyewe inaonyesha faida. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, takriban theluthi moja hutoka kama nyuzi. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu, zinazokamuliwa mafuta na kuacha mashudu. Kampuni yenye mifumo inayosomana inaweza kulinganisha kilo zilizonunuliwa kijijini na zilizofika kiwandani siku hiyo hiyo. Upotevu unaonekana mapema. Inajua pia kituo gani kimeishiwa fedha na kipi kimejaa mzigo, kwa hiyo lori na malipo huenda panapohitajika. Hapo mkulima naye ananufaika.

Wavuvi wana somo lao. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Adhabu iliwaangukia Tanzania, Kenya na Uganda pamoja, hata wavuvi ambao hawajawahi kugusa sumu. Tangu Januari 2005 sheria ya Ulaya inamtaka mfanyabiashara wa chakula ajue alinunua kwa nani na alimuuzia nani. Kiwanda cha minofu ya sangara chenye kumbukumbu zilizounganishwa kinaweza kufuatilia mzigo wenye shida kurudi nyuma hadi ulikotoka. Kisicho nazo hubaki na maneno matupu mbele ya mnunuzi.

Kwa hiyo hatusemi mifumo isiunganishwe. Tunasema kuna upande wa pili ambao hauzungumzwi sana.

Kosa nalo husafiri

Zamani karani akiandika kilo 68 badala ya 86, kosa lilikaa kwenye daftari lake. Mkulima angerudi kesho yake, wangefungua ukurasa na kusahihisha. Mifumo ikisomana, ile 68 inakwenda kiwandani, kwenye malipo na kwenye hesabu za kampuni kabla mkulima hajafika nyumbani. Kuirekebisha kunahitaji ruhusa ya mtu aliye mbali, ambaye hakuiona pamba na anaamini anachokiona kwenye kompyuta.

Uingereza walijifunza hilo kwa uchungu. Shirika lao la posta lilianza mwaka 1999 kuweka mfumo wa kompyuta uitwao Horizon kwenye matawi yake. Mfumo ulikuwa na kasoro, ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa matawi walipojitetea, walioaminiwa ni kompyuta. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa jela. Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo Mei 2024, miaka mingi baadaye, wengine wakiwa wameshafariki.

Karani wa AMCOS naye yuko mwisho wa mnyororo kama wale. Hesabu isipolingana, wa kwanza kuulizwa ni yeye, na wa pili ni mkulima anayedai alileta zaidi.

Wakati nao ni mtaji

Kuna kosa lingine ambalo hata kampuni kubwa hulifanya: kubadili mfumo wakati wa msimu. Kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani ilitumia takriban dola milioni 112 kuunganisha mifumo yake, ikauwasha katikati ya mwaka 1999, maagizo ya sikukuu ya Halloween yakiwa yanaingia. Peremende zilikuwepo ghalani, wateja walikuwepo, lakini mfumo ukashindwa kupeleka mzigo kwa mwenye oda. Faida ya robo ile ya mwaka ilishuka kwa asilimia 19.

Hershey ilikuwa na akiba ya kuhimili hasara hiyo. Mkulima aliyekopa dawa na kibarua hana. Mfumo mpya wa kununulia pamba ujaribiwe kabla ya Mei, kwenye vituo vichache, daftari la zamani likiendelea sambamba mpaka namba zilingane.

Na mtandao je? Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchini kote. Ni mwezi ule ule ambao ununuzi wa pamba huanza. Mfumo mzuri huendelea kupima na kuhifadhi namba mtandao ukiwa haupo, kisha huzituma ukirudi. Usioweza hivyo haufai kijijini, hata ukipendeza vipi ofisini.

Cha kuuliza kwenye mkutano wa AMCOS

Mnunuzi akija kutambulisha mfumo mpya, muulizeni mambo manne kabla ya kupiga makofi.

Kwanza, mkulima atapata karatasi yenye jina lake, tarehe na kilo palepale kwenye mzani? Ujumbe wa simu ni mzuri, ila simu huisha chaji na laini hupotea.

Pili, mtandao ukikatika, ununuzi unaendeleaje?

Tatu, kilo zikikosewa, nani mwenye mamlaka ya kusahihisha, na kwa siku ngapi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.

Nne, namba ikibadilishwa baada ya kuingizwa, mfumo unaonyesha ni nani aliyeibadilisha na lini? Swali hili linamlinda karani kama linavyomlinda mkulima.

Mambo haya si mageni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Vuguvugu hilo ndilo lililochangia kuzaliwa kwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani.

Wazee wale hawakukataa mzani. Walichotaka ni kuwa na namba yao wenyewe ya kulinganisha na ya mnunuzi. Leo namba hiyo ni ile karatasi ndogo ya mzani. Usiitupe njiani. Ihifadhi mpaka fedha ziingie, na zikiingia, zilinganishe nayo.