Usikubali Kuambiwa 'Ni Kawaida'

Wewe dada wa Manyatta unayebeba pakiti nzima ya pedi kila ukipanda matatu ya kwenda Embu mjini, hii ni yako. Na wewe kaka usipite, una mama na dada.

Hedhi inayopitisha siku saba, damu ya mabonge, kubadilisha pedi kila saa: hiyo si kawaida, hata kama shangazi anasema wote kwenu mko hivyo. Inaweza kuwa fibroidi, uvimbe unaomea kwenye nyumba ya uzazi. Kwa kawaida si saratani, lakini damu ikizidi kupotea, utaishiwa nguvu kazini ukidhani ni uvivu.

Mtaani utaambiwa umerogwa, ama umechelewa kuzaa. Wacha hizo. Uvimbe huu hulishwa na homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Homoni ni ufunguo. Kitasa chake ni kipokezi kilicho ndani ya seli. Jeni ndizo huamua kitasa kiundwe vipi, na jeni zetu hazifanani kabisa. Ndiyo maana watafiti wamekuwa wakichunguza kama tofauti hizo ndogo zinafanya mmoja apate fibroidi na jirani yake asipate. Matokeo yao hayajakubaliana, na hakuna jeni moja ya kulaumiwa.

Kinachoniudhi ni hiki: tafiti nyingi kubwa za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali wanawake weusi ndio huumia zaidi. Utafiti wa Marekani wa 2003 ulionyesha kuwa kufikia miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa na fibroidi. Lupita Nyong'o wetu alisema mwaka 2025 kwamba aligunduliwa nazo 30 mwaka uleule wa 2014 aliposhinda Oscar. Kama yeye zilimpata, aibu yako ni ya nini?

Basi usingoje maabara ya ng'ambo. Mama ama dada yako akiwa nazo, uwezekano wako hupanda, kwa hivyo anza kwa kumuuliza mamako na cucu hedhi zao zilikuwaje. Halafu nenda hospitali uombe altrasaundi. Ukiambiwa nyumba ya uzazi itolewe, uliza kwanza kuhusu dawa, ama kutoa uvimbe pekee.

Na yeyote akikwambia "vumilia, ni kawaida," mwambie akuonyeshe kipimo.