Tuviache Visiki vya Leleshwa

Juma hili nataka tuzungumze habari za mti mdogo ambao wengi wetu huuona kila siku na kuudharau, yaani leleshwa. Msafiri apitaye Naivasha, Nakuru au Narok huukuta umefunika vilima vikavu, huku majani yake ya kijivu yakionekana meupe kila upepo uyageuzapo, kwa maana upande wa chini yana manyoya meupe kama sufi.

Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wenye kuudharau. Nilipopata shamba langu mlimani niliajiri vijana wawili waikate leleshwa yote, wachome makaa, kisha wang'oe visiki kwa sururu ili nipande mahindi. Walipofika nusu ya shamba, mzee mmoja wa Kimasai, jirani yangu, alinijia akasema, "Mwanangu, kata upendavyo, lakini visiki uviache. Hivyo ndivyo vinavyoushika mlima huu." Nikamjibu, "Nimesikia, baba," walakini moyoni nilimdhania kuwa mtu asiyejua kilimo. Fedha ziliponiishia, kazi ikasimama.

Masika yalipofika niliona haya. Nusu ile iliyong'olewa visiki ilichukuliwa na maji, udongo pamoja na mbegu, yakabaki mawe. Nusu ya pili ilikuwa imechipua upya, na udongo wake ulikuwa mahali pake.

Nilirudi kwa mzee kumwomba radhi. Hakunicheka, bali alichuma jani, akalifikicha, akanipa ninuse. Lilinukia kafuri, na hiyo ndiyo sababu mwaka 1753 mtaalamu Linnaeus aliupa mti huu jina la Tarchonanthus camphoratus. Mzee alinieleza kwamba Wamasai hutandika majani hayo vitandani na kujipaka makwapani kwa ajili ya harufu yake, na kwamba mwenye mafua au kuumwa kichwa huvuta moshi wake. Si maneno matupu: wataalamu wameona kuwa mafuta ya majani hayo yana sineoli, ambayo hupatikana pia katika mafuta ya mkaratusi. Hata hivyo, kifua kikikubana kwa siku nyingi, nenda hospitali.

Leleshwa ni jamaa ya alizeti, ingawa huweza kufikia futi 20. Humea tangu Uhabeshi mpaka Afrika ya Kusini, na hata Arabuni. Huvumilia ukame na moto, na ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Makaa yake ni mazuri, na nguzo zake hudumu. Kwa hiyo mwenye shamba la mteremko aweza kuvuna sehemu moja baada ya nyingine, miaka nenda miaka rudi. Lakini kisiki king'olewapo, hakuna cha kuchipua, na mvua hupata njia.

Basi, ndugu zangu, kabla hujamkabidhi kijana sururu, tazama kwanza mteremko wa shamba lako. Mahindi na yapandwe penye tambarare. Mlimani tukate kwa panga na visiki tuviache. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Mimi niliutupa nusu, na nusu hiyo bado ni mawe.